Muganga kwenye simu: namna vituo vya afya vya Marekani vilivyowafikia maskini na wakimbizi wetu wakati wa Covid-19

Ilikuwa Aprili 2020, saa kumi za jioni hapa Bukavu. Simu yangu ililia. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama yangu, anayeishi mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, huko Marekani. Kwake ilikuwa saa nne za asubuhi. Alisema haraka haraka kwamba muganga wake atampigia kwenye simu nyingine baada ya dakika kumi, akaniomba nibaki kwenye WhatsApp nisikilize. Nikamuuliza nitasaidia nini, maana mimi si muganga. Akanieleza kwamba ugonjwa wake anaujua vizuri; kinachomuogopesha ni maneno.

Mama mdogo ana tansio na sukari. Alifika Marekani kama mkimbizi akitokea kambi ya Nakivale, Uganda, na tangu hapo alizoea safari moja: kila baada ya miezi miwili anapanda basi, anafika kwenye kituo cha afya cha mtaa, wanamfunga mashine kwenye mkono, wanamtoboa kidole, anarudi nyumbani na dawa. Mwezi wa Machi kituo kilimjulisha kwamba asije tena. Corona imeingia, viti vya kungojea vimeondolewa, muganga ndiye atamtafuta kwa simu.

Siku ile tulikuwa watu wanne kwenye ugonjwa wa mtu mmoja: muganga anayesema Kiingereza, mkalimani aliyeunganishwa kutoka mahali tusipopajua, mama mdogo aliyeweka simu ya kwanza juu ya meza kwa sauti kubwa, na mimi kwenye simu ya pili, nimenyamaza kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango.

Tangu wakati huo, kila ninapoalikwa kwenye semina ambapo watu wanazungumza juu ya afya ya kidijitali kwa ajili ya Kongo, ninakumbuka meza ile ya Louisville. Nimetaka kujua ni kitu gani hasa kilichomwezesha muganga wa maskini kumfikia mgonjwa wake nyumbani ndani ya majuma machache, katika nchi ambayo simu ilikuwepo tangu enzi za babu zao. Nilidhani nitakuta mashine mpya. Nilikuta hesabu ya feza.

Vituo vilivyozaliwa kwa mfano wa Afrika

Kwanza tuelewane juu ya vituo vyenyewe. Wengi wetu tukisikia hospitali ya Marekani tunafikiri majumba ya vioo na bili ya maelfu ya dola. Hayo yapo. Lakini yapo pia mashirika ya vituo vya afya vya jamii, karibu 1,400 kwa nchi nzima, yenye matawi maelfu mijini na vijijini, ambayo hutibu watu zaidi ya milioni 30 kila mwaka. Sheria inayakataza kumrudisha mgonjwa kwa sababu hana cha kulipa. Bei inapanda na kushuka kufuatana na mapato ya mtu. Sheria hiyo hiyo inataka zaidi ya nusu ya wajumbe wa kamati inayoongoza kituo wawe wagonjwa wa kituo chenyewe. Hapa kwetu tuna CODESA. Nawaachia wasomaji walinganishe.

Kuna jambo ambalo Wamarekani wenyewe wengi hawalijui. Vituo hivyo vilianza mwaka wa 1965, vya kwanza vikiwa Columbia Point, mtaa wa maskini wa Boston, na Mound Bayou, kijijini Mississippi. Mmoja wa waanzilishi, daktari Jack Geiger, hakuipata fikra hiyo Marekani. Akiwa bado mwanafunzi, mwaka wa 1957, alikwenda Afrika Kusini, mahali panapoitwa Pholela, ambako madaktari Sidney na Emily Kark walikuwa wameanzisha mwaka wa 1940 kituo kilichoangalia maji, chakula na nyumba za watu pamoja na homa zao. Geiger alibeba fikra hiyo ya kijiji cha Wazulu akaipanda Mississippi. Alifariki Desemba 2020, akiwa na miaka 95, katika mwaka uleule ambao vituo vyake vilikuwa vinajifunza kutibu watu bila kuwaona.

Ziara ambayo si ziara

Vituo hivi vinaishi kwa njia mbili. Serkali kuu inatoa msaada wa kila mwaka, halafu bima za serkali zinalipa kwa kila ziara ya mgonjwa: Medicaid kwa maskini, Medicare kwa wazee na walemavu. Neno lenye uzito hapo ni ziara. Kwa desturi ziara ilihesabiwa mgonjwa na muganga wakiwa uso kwa uso. Muganga akimpigia mgonjwa simu nusu saa, akambadilishia dawa, akamwokoa asiende hospitali, alikuwa amefanya kazi nzuri ambayo hakuna anayeilipa. Mbaya zaidi, kwa Medicare kituo cha afya hakikutambuliwa kabisa kama mahali ambapo muganga anaweza kukaa na kumtibu mtu aliye mbali. Kiliweza tu kuwa mahali ambapo mgonjwa anakaa mbele ya kioo ili aonwe na bingwa wa hospitali nyingine. Maskini aliweza kutazamwa kutoka mbali, lakini muganga wa maskini hakuruhusiwa kutazama kutoka mbali.

Ndiyo sababu mwaka wa 2019, katika nchi iliyojaa simu za kisasa, ni asilimia 43 tu ya vituo vilivyokuwa na uwezo wa kutibu kwa njia ya simu au video. Na hata hivyo vilitumia kidogo sana: kwa mwaka mzima ziara za namna hiyo hazikufika nusu milioni.

Halafu Machi ikafika. Watu waliacha kuja. Ziara zilipungua karibu nusu katika majuma ya kwanza, matawi mengine yakafungwa kwa muda, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Kituo kinacholipwa kwa ziara, kisipopata ziara, kinakufa. Kwa hiyo si huruma peke yake iliyosukuma mambo. Vituo vilihitaji simu ihesabiwe kama ziara, la sivyo vingefunga milango wakati ambapo watu wanavihitaji kuliko siku zote.

Mambo yalifuatana haraka. Tarehe 17 Machi wizara ya afya ilitangaza kwamba haitawaadhibu waganga watakaotumia kwa nia njema njia za kawaida kama Skype au FaceTime, ingawa hazitimizi masharti yote ya siri ya mgonjwa. Tarehe 27 Machi rais alisaini sheria kubwa ya msaada iliyoitwa CARES, na ndani yake kulikuwa na mistari michache iliyoruhusu vituo vya afya kulipwa na Medicare kwa kutibu kutoka mbali. Malipo yaliwekwa dola 92 na senti 3 kwa ziara, chini ya yale ya mgonjwa aliyekuja mwenyewe. Tarehe 8 Aprili vituo 1,387 viligawiwa dola bilioni 1.3. Tume inayosimamia mawasiliano ilipewa dola milioni 200 ili kuwanunulia watoa huduma kompyuta, simu na intaneti. Na tarehe 30 Aprili ikaja ruhusa ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote: simu ya sauti tupu, bila picha, nayo ikakubaliwa kulipwa. Majimbo, ambayo ndiyo yanayoendesha Medicaid, yalifungua milango kila moja kwa namna yake.

Katikati ya Julai 2020, kati ya vituo zaidi ya elfu moja vilivyojibu uchunguzi wa serkali, asilimia 95 vilikuwa vinatibu kwa simu au video. Mwaka ulipoisha, ziara za kutoka mbali zilikuwa zimepita milioni 28.

Sauti tupu

Picha za matangazo zilionyesha mzee anayetabasamu mbele ya kompyuta, na muganga ndani ya kioo. Kwenye vituo vya maskini haikuwa hivyo. Watafiti walipohesabu ziara za vituo 41 vya California kati ya Machi na Agosti 2020, walikuta kwamba kwa matibabu ya kawaida, asilimia 48.5 zilifanyika kwa simu ya sauti, asilimia 48.1 mgonjwa akiwepo, na video ilikuwa asilimia 3.4 tu. Hata kwa magonjwa ya akili na huzuni, ambako mtu angedhani kuonana uso ni muhimu, video haikufika asilimia 14, huku simu ya sauti ikipita asilimia 63.

Sababu zake Mkongomani hahitaji kuelezwa. Video inakula mega. Inataka simu kubwa, barua pepe, neno la siri, kiungo cha kubonyeza kilichoandikwa Kiingereza. Inataka chumba ambamo mtu anaweza kufunga mlango. Mama mdogo alitumiwa kiungo cha video mara mbili. Mara ya kwanza kilifunguka kwenye ukurasa uliomuuliza tarehe ya kuzaliwa kwa namna ya Kiamerika, mwezi mbele na siku nyuma, naye akaandika kama tunavyoandika sisi. Mashine ikamwambia hajulikani. Mara ya pili hakujaribu. Muganga akampigia simu ya kawaida, na kazi ikaendelea.

Kwa hiyo ninaposikia wataalamu wakisema kwamba simu ya sauti ni huduma ya daraja la pili, ninawaelewa nusu. Ni kweli muganga haoni uso uliovimba, haoni mguu wenye kidonda, haoni kama mgonjwa anapumua kwa shida. Lakini kama ruhusa ile ya Aprili isingetolewa, wenye kompyuta wangepata muganga, na wenye simu ndogo wangepata sauti ya mashine inayosema jaribu tena.

Kiswahili cha nani?

Sasa turudi kwenye meza ya mama mdogo, kwa sababu hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Wakongomani wamekuwa kwa miaka mingi kati ya kundi kubwa la wakimbizi wanaopokelewa Marekani. Katika mwaka wa hesabu wa 2019, karibu 13,000 kati ya 30,000 waliopokelewa walitoka Kongo, wengi wakiwa watu wa Kivu waliopitia kambi za Uganda, Tanzania, Burundi na Rwanda. Wanapofika, kituo cha afya cha jamii mara nyingi ndiyo nyumba ya kwanza ya matibabu wanayoijua. Na sheria inasema wazi: kituo kinachopokea feza za serkali kuu lazima kimpatie mkalimani, bure, mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri. Sheria inaheshimiwa. Mkalimani anapatikana kwa dakika chache, kwa simu, mchana na usiku. Kwenye karatasi mama mdogo ameandikwa: lugha, Kiswahili.

Lakini karatasi haisemi Kiswahili cha wapi.

Mkalimani wa siku ile alikuwa na Kiswahili kizuri sana, cha pwani, chenye kupendeza masikio. Alimuuliza kama anasikia kisunzi. Mama mdogo akanyamaza. Sisi tunasema kizunguzungu. Akamuuliza juu ya shinikizo la damu; mama mdogo, ambaye ana ugonjwa huo tangu miaka kumi, hakujua kwamba anaulizwa juu ya tansio yake. Akamuuliza kama anapata kichefuchefu, naye akajibu hapana, halafu dakika mbili baadaye akasema asubuhi roho inamchafuka. Ni kitu kilekile. Muganga akaandika nini, sijui.

Kilichotuchekesha baadaye, na wakati ule hakikuchekesha, ni namba. Mtoto wake alikuwa amemnunulia mashine ndogo ya kupima tansio. Muganga akauliza inasema nini. Mama mdogo akasoma jinsi kila mtu wa Bukavu anavyosoma namba: kwa Kifaransa. *Cent cinquante-huit sur quatre-vingt-quatorze.* Mkalimani akakaa kimya. Akaomba arudie. Mama mdogo akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama vile shida ilikuwa masikio. Nilitaka kupiga kelele kutoka Bukavu: ni 158 kwa 94! Sikuthubutu, nilikuwa sikupaswa kuwepo. Mwishowe akazitaja moja moja, moja, tano, nane, na jambo likapita.

Halafu dawa. Mkalimani akasema atameza kidonge kimoja kutwa mara mbili. Muganga akaaga, mkalimani akaaga, simu ikakatika, na mama mdogo akanigeukia kwenye WhatsApp akiuliza kutwa ni saa ngapi. Alidhani ni jua linapotua. Angemeza vidonge viwili usiku na asubuhi asimeze kitu. Anayejua Kiswahili cha Dar es Salaam anajua kwamba kutwa mara mbili ni mara mbili kwa siku. Imeandikwa kwenye vipakiti vya dawa huko. Kwetu haiandikwi hivyo.

Sisemi hili kumlaumu mkalimani. Alifanya kazi yake kwa adabu na kwa subira. Akiwa chumbani na mgonjwa, angeona uso wa mama mdogo unavyokunjamana, angeuliza tena kwa maneno mengine. Mama mdogo angenyoosha kidole kwenye mashine, angemwonyesha kichwa kwa mkono. Mwili unakalimani nusu ya maneno. Simu iliondoa mwili, ikabaki lugha peke yake, na tofauti ndogo ya Kiswahili cha Mombasa na cha Kadutu ikawa tofauti ya dozi. Na bado tunazungumza juu ya mtu mwenye Kiswahili. Kuna bibi wa Fizi wanaosema Kibembe tu, kuna wazee wa Walungu wenye Mashi, ambao wameandikwa Kiswahili kwa sababu hapakuwa na kisanduku kingine cha kuweka alama.

Wengine walitatua shida kwa njia ya zamani: watoto. Shule zilikuwa zimefungwa, watoto walikuwa nyumbani, Kiingereza chao kilikuwa safi. Kijana wa miaka 13 anaweza kabisa kumkalimania mama yake juu ya kikohozi. Je, juu ya damu ya hedhi? Juu ya mume anayempiga, ambaye amekaa chumba cha pili? Juu ya mambo yaliyompata porini kabla ya kukimbia? Mama wa Kivu atamwambia mtoto amwambie muganga kwamba yeye ni mzima. Kituoni, muuguzi angemtoa mtoto nje na kufunga mlango. Kwa simu hakuna mlango.

Na kuna wale ambao simu iliwakuta kazini. Wakimbizi wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyama, na viwanda hivyo havikufungwa. Tarehe 28 Aprili 2020 rais alitoa amri viendelee kufanya kazi ingawa virusi vilikuwa vinaenea kati ya wafanyakazi waliosimama bega kwa bega. Muganga anapiga simu saa tano, mgonjwa ana kisu mkononi na glavu zenye damu. Simu inalia kwenye sanduku la nguo. Anarudi nyumbani anakuta ujumbe wa Kiingereza.

Kilichobaki

Simu haikuchanja mtoto yeyote. Haikupima tumbo la mjamzito, wala haikutafuta saratani ya shingo ya kizazi. Vipimo vya namna hiyo vilishuka sana mwaka ule. Vituo vilijifunza kuchanganya: mgonjwa wa tansio anapigiwa simu, mtoto wa chanjo anapokelewa kwenye gari lake penye maegesho. Serkali iliona pia kwamba muganga wa simu bila mashine nyumbani kwa mgonjwa anatibu kwa kubahatisha. Mwaka wa 2021 vituo 496 viligawiwa karibu dola milioni 90 kwa kazi ya tansio, ikiwemo kuwapa watu mashine za kujipimia.

Hali ya dharura iliisha rasmi tarehe 11 Mei 2023. Kwa magonjwa ya akili, Medicare ilikuwa tayari imeamua kwamba kuanzia Januari 2022 ziara ya kutoka mbali, hata ya sauti tupu, ni ziara kamili kwa vituo hivi. Kwa mengine, ruhusa zimekuwa zikiongezwa muda kipande kwa kipande, kama visa ya mtu ambaye hakuna anayetaka kumkubali wala kumfukuza. Ule mpango uliowalipia maskini dola 30 kwa mwezi za intaneti, uliofikia nyumba zaidi ya milioni 23, uliisha Juni 2024 kwa sababu bunge halikuongeza feza.

Kwa wakimbizi wetu kuna zito zaidi. Mapokezi ya wakimbizi yalisimamishwa Januari 2025. Na sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 inawaondoa kwenye Medicaid, kuanzia tarehe 1 Oktoba 2026, wakimbizi ambao hawajapata kibali cha kukaa cha kudumu. Kituo cha afya hakitawafukuza. Sheria yake haijabadilika. Lakini simu yao haitakuwa na mlipaji, na tumeona kituo kinafanya nini na simu isiyo na mlipaji. Kinaipiga pale tu kinapoweza.

Unite ya muuguzi

Niliandika haya yote nikifikiri juu ya kwetu.

Sisi si wageni wa jambo hili. Kabla ya simu za mkononi, vituo vya afya vya ndani vilikuwa na redio ya foni, na wapo wauguzi waliozalisha akina mama huku muganga wa eneo la afya akiwaelekeza kwa sauti iliyojaa mikwaruzo. Leo karibu kila eneo la afya, kati ya maeneo 519 ya nchi, lina kundi lake la WhatsApp. Wakati wa mpox, ile iliyoanzia Kamituga mwaka wa 2023 na ambayo Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani liliitangaza kuwa dharura ya dunia, niliona wauguzi wakipiga picha mikono na nyuso zenye vipele na kuzituma kwa mganga mkuu ili aseme kama sampuli ichukuliwe. Hiyo ni tiba ya kutoka mbali. Hakuna mradi ulioizindua, hakuna utepe uliokatwa.

Ni nani aliyelipa mega za picha zile? Muuguzi. RECO anayepiga simu kutoka kilimani kusema kuna mtoto ana homa na shingo imekakamaa, analipa unite yake mwenyewe, akitumaini kwamba atarudishiwa siku feza za mradi zitakapofika. Na kituo chenyewe kinaishi kwa fishi ya mgonjwa anayekuja mlangoni. Muuguzi akimtibu mtu kwa simu vizuri mpaka asilazimike kuja, kituo kimepoteza mapato ya siku. Ni hesabu ileile ya Marekani kabla ya Machi 2020, tofauti ni kwamba huku hakuna Medicaid ya kuilazimisha ibadilike. Mtu analipa kutoka mfukoni, na hakuna anayelipa fishi ya mazungumzo.

Tumewahi kuona simu ya bure. Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, na tena wakati wa Covid, kulikuwa na namba za bure. Zilikuwa namba za kutoa habari za mgonjwa ili timu imfuate. Mwenye tansio akipiga, hana cha kuambiwa. Ninaona kwamba huko na huku feza za simu zilipatikana siku ambayo ugonjwa wa maskini ulianza kuwaogopesha wasio maskini. Tansio ya mama wa Kadutu haimwambukizi mtu.

Kama siku moja wizara au mfadhili atakuja na tableti mpya kwa ajili ya vituo vyetu, na watakuja, swali la kuwauliza kabla ya kupiga makofi ni hili: mwezi wa saba, mradi ukiwa umekwisha, muuguzi atalipwa kiasi gani kwa kila mgonjwa aliyemtibu bila kumwona? Na atamtibu kwa lugha gani?

Mama mdogo yupo. Siku hizi anakwenda kituoni mara moja kila miezi minne, na katikati anapigiwa simu. Ameomba kwenye karatasi yake paongezwe neno moja mbele ya Kiswahili: Kongo. Mara nyingine anapata mkalimani wa kwetu, mara nyingine hapati. Namba za mashine amejifunza kuzisoma kwa Kiingereza, hizo tu, na anazisoma kwa sauti kubwa kabla mkalimani hajafungua kinywa. Juzi ilikuwa 136 kwa 84.